Hotuba ya Mwenyekiti: Kibali cha Kujenga na Mfuko wa Mama wa Shambani



Awali ya yote twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo tukiwa na afya njema. Kuna wenzetu wawili tulioanza nao ambao hawapo tena duniani. Twaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Asanteni, tuketi.

Miaka kumi si mchezo. Mwaka 2015 tulikutana chini ya mwembe pale kwa mweka hazina wetu, tukiwa akina mama 27. Wengi wetu tumeishia darasa la saba au la nane, na wengine hawakuingia darasani kabisa. Tulikubaliana kila mtu atoe shilingi 50 kwa wiki. Kuna waliotucheka. Walisema hela ya chumvi hiyo itajenga nini? Mwaka ulipokwisha tukahesabu, tukapata shilingi 70,200. Haba na haba hujaza kibaba. Leo tunakopeshana, twasomesha watoto, na twamiliki kipande cha ardhi nusu ekari kando ya barabara, ambacho twataka kuweka mashine ya kusaga mahindi.

Mambo hayo ya furaha mtayasoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, na picha mtaziona. Sisi katika hotuba hii twaomba tuzungumze jambo moja ambalo limetuingia nyumbani bila kubisha hodi. Jambo hilo ni vibali vya ujenzi na vya matumizi ya ardhi, na gharama zake kwa mtu wa shambani.

Ndugu zetu, mwajua ya kuwa hapo zamani mtu wa shamba akitaka kujenga alikuwa anatafuta fundi, anakata miti, anasuka makuti, basi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini sheria ipo. Tangu mwaka 1996 kulikuwa na sheria ya mipango ya ardhi, na mwaka 2019 ikaja nyingine mpya iliyochukua mahali pake. Sheria hii ya 2019 inasema mtu asianze kuendeleza ardhi bila kibali cha kaunti. Na kuendeleza maana yake si kujenga ghorofa peke yake. Kujenga nyumba ya kawaida kumo, kugawa shamba vipande kumo, na kubadilisha matumizi, yaani shamba la mihogo kuwa duka, kumo pia. Anayeanza bila kibali na akashtakiwa akapatikana na hatia, faini yake yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Hebu fikirini. Faini hiyo ni zaidi ya mara saba ya akiba yote tuliyoweka mwaka wetu wa kwanza, sisi wote 27.

Kwa muda mrefu sheria hiyo ilikuwa yasikika mjini tu. Sasa imefika huku. Kaunti yetu imeleta ramani inayogawa maeneo kwa rangi. Hapa ni kilimo, hapa makazi, hapa biashara, hapa pasiguswe. Pamoja na ramani hiyo kuna orodha ya ada iliyopendekezwa, ambayo itaingizwa katika mswada wa fedha wa kaunti. Katika orodha hiyo, nyumba ya kuishi iliyo shambani inatozwa kwa mita ya mraba, kiasi kilekile cha nyumba iliyo katikati ya soko. Mswada huo bado haujapitishwa tunapoandika maneno haya, na ndiyo sababu tunayasema leo, si kesho.

Tusieleweke vibaya. Sisi hatupingi mipango. Tumeona wenyewe hasara ya kujenga ovyo. Tuna mwenzetu ambaye jirani yake alichimba choo hatua chache kutoka kisima chake, na kisima kile sasa hakifai hata kunyweshea mbuzi. Tunaijua ile njia ya kwenda zahanati, vile watu walivyoibana kwa vibanda na ua mpaka mama mjamzito akabebwa kwa mkokoteni kwa sababu gari halikupita. Angekuwako mtu wa kupanga mapema, yote hayo yasingetokea. Kwa hivyo mipango twaitaka. Tunachouliza ni, je, gharama yake ataibeba nani, na kwa kiasi gani?

Twataka tuwape hesabu, maana sisi ni watu wa daftari. Mwaka juzi mwenzetu mmoja, mjane, alikopa kwetu shilingi 60,000 ajenge nyumba ya vyumba viwili, mawe na mabati, atoke katika ile ya udongo iliyokuwa ikivuja. Kikundi kikampa kwa moyo mmoja. Akanunua mawe, fundi akaanza msingi. Siku ya nne wakaja watu, wakapaka alama nyekundu ukutani, wakasema simamisha, huna kibali. Shamba lake liko karibu na barabara ya lami, eneo ambalo tayari lilikuwa likihesabiwa kama soko.

Basi akaanza kutafuta kibali. Na sisi tukaandika kila senti aliyotoa. Mchoro wa nyumba wenye muhuri wa mtaalamu mwenye leseni, shilingi 20,000. Ada ya kaunti yenyewe, 6,500. Ukaguzi, 2,000. Nauli za kwenda na kurudi mara sita, kila safari 400, jumla 2,400. Kupiga nakala za karatasi, 350. Jumla yake ni shilingi 31,250. Yaani zaidi ya nusu ya mkopo iliishia kwenye karatasi kabla ya mabati hata moja kununuliwa. Na hapo hatujahesabu siku sita ambazo hakulima wala hakwenda sokoni kuuza.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Ada ya kaunti ni kama sehemu moja tu ya tano. Kwa hivyo mheshimiwa akisimama jukwaani akasema, jamani ada ni ndogo, anasema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mzigo mkubwa uko katika mchoro, nauli na siku zilizopotea. Na mzigo huo haujali ukubwa wa nyumba. Mwenye kujenga hoteli ana gari lake, ana karani wake, ana mchoraji wake. Mjane wa vyumba viwili ana miguu yake. Sasa ada ikipanda tena kwa mita ya mraba, ndipo mama huyu atabaki katika udongo wake mpaka mwisho.

Na hapa twaomba tukiri kosa letu wenyewe, maana kijitabu cha miaka kumi kisiwe cha kujisifu tu. Sisi kamati tulitoa mkopo ule bila kumuuliza kama ana kibali. Hatukujua, ni kweli, lakini kutojua kwetu kulimgharimu yeye. Alikaa miezi minne hajarejesha. Wengine kati yetu tulimnung'unikia, tukasema anachezea pesa za wenzake. Akauza mbuzi wawili. Alipolipa, hakusema neno. Mama huyu yuko hapa leo, na mbele ya wote twamwambia, dada yetu, tusamehe. Nyumba yake ilikwisha kujengwa na anakaa ndani yake, twamshukuru Mungu.

Kuna jambo jingine zito zaidi ya pesa. Ukienda kuomba kibali, kitu cha kwanza unaulizwa, hati ya shamba iko wapi, na ina jina la nani? Jamani, ni wanawake wangapi hapa wana hati yenye jina lao? Tulipoulizana katika mkutano wetu, wengi tulisema hati iko kwa jina la baba mkwe, na baba mkwe alikwisha kufariki. Wengine hata hati haijatoka. Basi huyo mama, kabla ya kibali cha kujenga, inabidi urithi uendeshwe kortini, shamba lihamishwe jina, mpimaji aitwe aligawe. Kama ni shamba la kilimo lililo chini ya sheria ya udhibiti wa ardhi, yataka pia idhini ya bodi ya ardhi kabla ya kugawa au kuuza, la sivyo mapatano hayo ni bure mbele ya sheria. Na kugawa kwenyewe sasa kwataka kibali cha kaunti. Kila mlango una ada yake.

Matokeo yake ni nini? Watu wanaacha milango hiyo yote. Mzee anawaita wanawe, anapanda minyaa kuonyesha mpaka, anasema wewe hapa na wewe pale. Hakuna karatasi. Mzee akifariki, na mtoto wa kiume akifariki, mkewe hana cha kushika mkononi. Shemeji anakuja anang'oa minyaa. Nyinyi wenyewe mmeona mambo haya, hatuna haja ya kutaja majina. Kwa hivyo kibali kikiwa ghali, anayeumia kwanza ni mjane na binti aliyerudi nyumbani, kwa kuwa wao ndio wanaohitaji karatasi kuliko mtu mwingine yeyote. Wenye nguvu wanaweza kuishi kwa maneno matupu. Mnyonge hawezi.

Sasa tufanye nini? Kulalamika chini ya mwembe hakutoshi. Mtoto wa mwanachama wetu mmoja alikaa nasi jioni tatu akitusomea sheria, na tumejifunza mambo ambayo twataka kila nyumba iyajue.

Kwanza, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 210, inasema hakuna ushuru wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa imewekwa kwa sheria. Kwa hivyo mtu akija shambani kwako akakuomba pesa ya kibali, muulize, iko katika sheria gani, na risiti iko wapi? Usimpe mtu pesa mkononi. Kifungu cha 201 nacho kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Hilo ndilo neno letu sisi wenye vyumba viwili.

Pili, kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Mswada wa fedha ukija, kuna siku ya kutoa maoni. Na hapa tena tukubali kosa. Mara ya mwisho kikao kilipofanyika, kati yetu walikwenda wanne tu. Wakapewa soda, wakatia sahihi katika karatasi ya mahudhurio, wakarudi. Hakuna aliyesema neno. Baadaye ikaandikwa kwamba wananchi walishirikishwa. Na kweli tulishirikishwa, sahihi zetu zipo! Asiyekuwapo na lake halipo, lakini na aliyekuwapo akanyamaza, lake pia halipo.

Tatu, sheria ya 2019 inasema mwombaji akikaa siku 60 bila kupewa jibu la maandishi, basi kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Mjane wetu yule alingoja wiki tisa, yaani siku 63, hana jibu. Lakini hakuweza kudai haki hiyo, kwa sababu alipopeleka karatasi zake hakugongewa muhuri wa tarehe. Siku zake zikawa hazina mwanzo. Basi tushike neno hili: ukipeleka maombi, nenda na nakala mbili, ya pili igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani uiweke na hati zako. Na siku zikipita, andika barua ya kuuliza kabla ya kushika jembe.

Nne, ukinyimwa kibali, au ukipewa kwa masharti usiyoyaweza, unaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza malalamiko ya mipango ya ardhi. Muda wake ni siku 14 tangu uamuzi kutolewa. Siku 14 zapita haraka, mwenzangu. Ukiwa mgonjwa wiki moja, imebaki nusu.

Baada ya kujifunza hayo, tulikaa mkutano mzima, tukaandika barua ya maoni, na wanachama wote wametia sahihi au dole gumba. Twaomba mambo manne, na twamwomba mgeni wetu wa heshima ayabebe.

La kwanza, nyumba ya kuishi ya familia iliyo shambani, ikiwa ndogo, isitozwe kwa mita ya mraba kama duka la mjini. Iwekewe ada moja ndogo inayojulikana, au isamehewe kabisa. Mwenye hoteli na mwenye ghala atozwe kulingana na faida yake.

La pili, kaunti itengeneze michoro michache ya nyumba ndogo za shambani, iliyokwisha kupitishwa na wataalamu wake, na mwananchi aichukue bure. Shilingi 20,000 za mchoro ndizo zinazotuua. Nyumba ya vyumba viwili inajulikana, haihitaji kubuniwa upya kila siku.

La tatu, afisa wa mipango aje katika wadi yetu siku moja maalumu kila mwezi. Akija yeye mmoja, watu hamsini wataokoa nauli. Sisi tutampa kiti na kivuli, na chai tutampikia.

La nne, pale hati ilipo kwa jina la marehemu, barua ya chifu na wazee wa kijiji, pamoja na ridhaa ya familia, ikubaliwe kwa kibali cha nyumba ya kuishi wakati kesi ya urithi ikiendelea. Mvua haingoji korti.

Tumesema tunayoyataka kwa wengine. Sasa tuseme na tutakayoyafanya sisi, maana mkono mtupu haulambwi.

Kuanzia sasa, mwanachama akiomba mkopo wa kujenga, kamati itamuuliza maswali matatu: shamba liko eneo gani katika ramani, hati ina jina la nani, na kibali kimefika wapi. Hatuulizi ili kumnyima. Tunauliza ili yaliyompata mwenzetu yasirudi tena. Tumekubaliana pia kutenga shilingi 20 katika kila mchango wa wiki ziwe mfuko wa karatasi, wa kumsaidia mwanachama kwa mambo ya hati, urithi na vibali. Ni mkopo usio na riba. Na sisi wenyewe tuahidi hapa mbele ya chifu kwamba hatutachimba choo karibu na kisima cha mtu, wala hatutajenga kibanda juu ya njia. Ukitaka haki, uwe na mikono safi.

Kuhusu ile nusu ekari yetu ya mashine ya kusaga, mmetuuliza sana, na twawajibu wazi. Katika ramani iliyopendekezwa, kipande chetu kimewekwa katika kilimo. Kuweka mashine pale ni biashara, kwa hivyo inabidi tuombe kubadilisha matumizi, na hiyo yahitaji ripoti ya mtaalamu na tangazo kwa majirani. Kuna waliosema, tuijenge tu usiku na mchana, nani atatuona? Tulijadiliana kwa ukali, hatufichi. Mwishowe kura zilikuwa 15 kwa 9 tusianze. Pesa za mashine ziko benki, na zitabaki huko mpaka tuingie katika kikao cha maoni tuombe eneo lile lote la kando ya barabara libadilishwe katika ramani yenyewe, kabla haijapitishwa. Likibadilishwa ramani, kila jirani wa pale atafaidika, wala hatutalipa kila mtu peke yake. Tukikosa, tutaomba kibali kama wengine, kwa subira. Wale tisa waliopiga kura kinyume twawaheshimu. Tuko nao, na hasira yao twaijua, maana mahindi bado twayabeba kichwani kwenda kusaga mbali.

Akina mama wenzetu, siku ya kikao itatangazwa na chifu barazani, msikitini na kanisani. Twaombana jambo moja. Asije mtu wanne tena. Twende wote, na akina baba waje, kwa kuwa shamba ni la nyumba nzima. Tuchague watano wa kusema, kila mmoja aseme jambo lake moja, asirudie la mwenziwe. Kabla ya kutia sahihi popote, tusome kilichoandikwa juu ya karatasi. Asiyejua kusoma asomewe. Na maoni yetu yaandikwe, tupewe nakala.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Sisi twaongeza, na ukuta wenyewe siku hizi una kibali chake.

Twamshukuru mgeni wetu kwa kutusikiliza, chifu kwa uwanja, vijana kwa viti na turubai, na wapishi walioamka saa tisa usiku. Twawashukuru waume zetu waliotuachia siku ya Jumatano kwa miaka kumi. Chakula ki tayari. Lakini kabla ya kwenda kula, ile barua iko pale mezani kwa katibu, na mgeni yeyote anayekubaliana nasi apite atie sahihi yake.